Kaka yangu ataweza kushika kijiko mwenyewe?

Swali: Shikamoo daktari. Kaka yangu ana miaka 29. Mwaka jana, msimu wa karafuu, tawi lilimkatikia akaanguka kutoka mkarafuuni huku Pemba, akaumia shingo. Sasa ni miezi kumi na minne. Karatasi za hospitali zimeandika C6. Miguu haina nguvu kabisa. Mikono anainyanyua, kiwiko anakikunja, kifundo cha mkono anakiinua, lakini vidole havifumbi. Nimeona video ya mtu wa Marekani aliyewekewa mashine ya umeme ndani ya mwili, akashika uma akala mwenyewe. Ni kweli au ni michezo ya mtandaoni? Kama ni kweli, inapatikana wapi na kwa bei gani? Kaka anasema kulishwa kunamuumiza kuliko kutotembea.

Jibu: Marahaba, binti yangu. Pole wewe, pole kaka, na pole mama, ambaye nina hakika ndiye anayeamka usiku kumgeuza.

Hilo neno lake la kulishwa si lake peke yake. Mwaka 2004 mtafiti wa Marekani, Kim Anderson, ambaye naye aliumia uti wa mgongo akiwa kijana, alichapisha majibu ya watu 681 wenye majeraha ya namna hiyo. Swali lilikuwa: kitu gani kikikurudia ndicho kitakachoyabadilisha maisha yako zaidi? Miongoni mwa waliopooza mikono na miguu, karibu nusu walitaja mikono kabla ya kitu kingine chochote. Sisi wenye mikono mizima tukimwona mtu kwenye kiti cha magurudumu tunaitazama miguu. Yeye anakitazama kijiko.

Video uliyoiona ni ya kweli. Kazi hiyo ina karibu miaka 40 sasa, na ilianzia Cleveland, jimbo la Ohio. Nitakueleza inavyofanya kazi, maana ukiielewa utajua pia wapi pa kuweka nguvu zenu huko Pemba. Nakuomba tu usiruke katikati ukaenda kutafuta bei.

Ukitaka kufumba mkono, amri hutoka kwenye ubongo, hushuka kwenye ugwe wa neva uliomo ndani ya uti wa mgongo, na shingoni hupokelewa na neva ya pili. Hiyo ya pili ndiyo inayotoka nje ya mfupa na kwenda hadi kwenye msuli. Madaktari huhesabu neva hizo kulingana na pingili. Ya tano, C5, hunyanyua mkono na kukunja kiwiko. C6 huinua kifundo cha mkono. C7 hunyoosha kiwiko. C8 hufumba vidole, na ya kwanza ya kifuani, T1, huendesha misuli midogo ya kiganja. Kaka yako amebakiwa na amri mpaka C6. Chini ya hapo sauti ya ubongo haifiki.

Lakini kutofika kwa sauti hakumaanishi kwamba aliyekuwa akiisikiliza amekufa. Neva za pili zilizo chini ya jeraha mara nyingi ni nzima na misuli yake ni hai, ila haina anayeiamrisha. Ndiyo maana vidole au miguu hukakamaa na kurukaruka yenyewe usiku, au mtu anapofunuliwa shuka. Wapo wanaodhani kwamba kaanza kupona, na wapo wanaomkimbiza kwa mganga. Maana yake kwa daktari ni kwamba neva ya pili ipo kazini. Hali ni nyingine pale pale jeraha lilipo. Neva za pili zilizokuwa kwenye pingili iliyovunjika zenyewe zimesagika, na misuli iliyokuwa ikizitegemea hulegea, hukonda, na haishtuki kabisa. Mkono mmoja unaweza kuwa na misuli ya aina zote mbili.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha jibu langu. Umeme unaotumika kufumba vidole hauuchochei msuli wenyewe; unaichochea ile neva ya pili, nayo ndiyo inayoubana msuli. Ikiwa neva ya pili imekufa, kifaa cha gharama yoyote kitakuwa kama mtu anayebisha hodi nyumba iliyohamwa.

Sasa turudi Cleveland. Hunter Peckham, mhandisi wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, yeye na wenzake walitumia miaka mingi kujifunza namna ya kuibana misuli iliyopooza kwa mpangilio, gumba lifike kabla vidole havijafunga au baada yake, kulingana na kinachoshikwa. Mwaka 1986 walimwekea mgonjwa wa kwanza kifaa kilichofukiwa mwilini. Kilipokuja kuuzwa kilipewa jina la Freehand, na mwaka 1997 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ikakiruhusu. Kililengwa kwa watu wa C5 na C6, yaani watu kama kaka yako.

Nikueleze kilivyokuwa, kwa sababu video hazionyeshi sehemu hii. Daktari hupasua kigasha na kiganja, akashona elektrodi nane, vidude vidogo bapa kama vifungo vya shati, juu ya misuli aliyoichagua: wa kufumba vidole, wa kuvifungua, wa kukunja gumba, wa kulileta mbele. Kila elektrodi ina waya wake. Nyaya hupitishwa chini ya ngozi, zikapanda mkono wote hadi kifuani, ambako kuna kichocheo kilichozikwa chini ya ngozi ya kifua. Kichocheo hicho hakikuwa na betri. Juu ya ngozi, pale pale kilipo, hubandikwa koili, nayo hupeleka nguvu na amri kwa mawimbi ya redio kupita kwenye ngozi. Koili imeunganishwa na kisanduku kinachoning'inia kwenye kiti.

Nani basi anatoa amri? Bega la upande wa pili. Ikiwa mkono uliowekewa kifaa ni wa kulia, basi kwenye bega la kushoto hubandikwa sensa inayopima mwendo wake. Mtu akitaka kula hubonyeza kitufe kilicho kifuani ili achague aina ya mshiko. Ipo miwili. Katika wa kwanza gumba hukandamiza ubavu wa kidole cha shahada, kama unavyoshika ufunguo au kijiko. Katika wa pili gumba hukutana na ncha za vidole, kama unavyoshika bilauri. Bega likisogea upande mmoja mkono hufunguka. Likisogea upande mwingine hufumba polepole, kadiri ya mwendo wa bega. Uma ukishakamatika, hulishtua bega mara moja, haraka, na mshiko hujifunga. Sasa anaweza kuinama, kucheka, kuzungumza na wageni, na uma haudondoki. Akimaliza hulishtua tena, na vidole vinaachia.

Walikipimaje kifaa hicho? Kwa jaribio ambalo nalipenda kwa uwazi wake. Juu ya meza wanaweka vitu sita: kijiti kidogo, kipande cha mbao, kopo, kizito cha chuma, kaseti ya video badala ya kitabu, na uma wa kukandamiza kana kwamba unachoma chakula. Una nusu dakika. Shika, hamisha, achia, shika tena. Wanahesabu. Utafiti wao mkubwa, uliochapishwa mwaka 2001, ulikuwa na watu 51. Nguvu ya kubana iliongezeka, karibu wote waliweza kuhamisha vitu ambavyo bila kifaa hawakuviweza, na zaidi ya asilimia 90 walisema wameridhika. Ukiwa umewahi kumwona mtu mzima akihangaika na kopo tupu, utajua kwamba kulihamisha mara moja ndani ya nusu dakika ni jambo kubwa.

Kulikuwa na shida pia. Msuli uliolala miezi mingi hukonda na huchoka upesi. Isitoshe, umeme huuamsha msuli kinyume na ubongo: ubongo huanza na nyuzi zile stahimilivu ndipo uziite zile za nguvu, umeme huziita za nguvu kwanza, nazo ndizo zinazochoka. Kwa hiyo huutumia kwa mapigo machache, kama 12 hadi 16 kwa sekunde, na mgonjwa hufanyishwa mazoezi ya umeme kwa wiki nyingi kabla hajaanza kuutegemea mkono. Waya unaweza kukatika. Usaha unaweza kuingia, na ukiingia kwenye kifaa huenda kikalazimika kutolewa. Tena mara nyingi elektrodi peke yake hazikutosha. Madaktari wa upasuaji walizishona kano za vidole pamoja ili vifunge kwa usawa, walikaza kifundo cha gumba lisipinde vibaya, au walihamisha kano kutoka msuli mmoja kwenda mwingine. Likumbuke hilo la kano, nitalirudia.

Na sasa swali lako la bei. Kampuni iliyokuwa ikiuza Freehand, NeuroControl, iliacha kuiuza mwaka 2001. Kifaa hakikushindwa kazi. Zaidi ya watu 200 walikuwa nacho mwilini, nao walikuwa wakila, wakiandika na kujipiga mswaki kwacho. Kilichoshindwa ni hesabu ya biashara: waliovunjika shingo ni wachache ukilinganisha na wagonjwa wa kiharusi au wa moyo, na kifaa cha wachache hakimnenepeshi mwenye mtaji. Mimi jambo hili linaniuma mpaka leo. Mtu amefukiwa waya kutoka kiganjani hadi kifuani, kisha anaambiwa kisanduku cha nje kikiharibika hakuna dukani. Bahati nzuri watu wa Cleveland hawakuwatupa wagonjwa wao, wakaendelea kuwahudumia, na baadaye wakaunda taasisi isiyo ya faida ili vifaa hivi visitegemee faida ya mfanyabiashara.

Kwa hiyo leo kifaa cha kupandikizwa cha kufumba mkono hakiuzwi. Kinapatikana ndani ya tafiti, kwa watu wanaoishi karibu na hospitali zinazozifanya, wanaofuatiliwa kwa miaka. Mtu yeyote atakayekutajia bei ya kukipandikiza, awe Dar es Salaam, Nairobi au India, mwambie asante na ufunge mkoba. Na usiuze mikarafuu wala shamba kwa ahadi hiyo.

Tafiti zenyewe zimesonga mbele, na ni za kutia moyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watu wa Cleveland walifanya kifaa cha elektrodi 12 ambacho hakihitaji tena sensa ya begani. Ndani yake mna vidude viwili vinavyosikiliza umeme mdogo unaotoka kwenye msuli ambao mgonjwa bado anautawala, kwa mfano ule wa kuinua kifundo, na kuufanya ndio usukani. Mtu anainua kifundo, vidole vinafumba. Kizazi kinachofuata kina vipande vidogo vilivyotawanywa mwilini na kuunganishwa kwa waya, na betri ya kuchajiwa imo ndani, hivyo hakuna cha kubandika juu ya ngozi wakati wa kukitumia.

Mtu uliyemwona kwenye video, kwa jinsi ulivyomweleza, huenda ni Bill Kochevar. Aliumia kwa ajali ya baiskeli mwaka 2006, na hakuweza hata kukunja kiwiko. Yeye aliwekewa vipokezi viwili ndani ya ubongo, na elektrodi 36 ziliingizwa kwenye misuli ya mkono kupitia ngozi. Alipofikiria kusogeza mkono, kompyuta ilisoma fikra hiyo na kuichochea misuli. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017, na kweli alikula kwa uma na kunywa kahawa kwa mrija. Ila nyaya zilitoka kichwani mwake, mkono ulibebwa na mtambo usaidizi, na wahandisi walikuwa chumbani. Ni kazi ya heshima kubwa, lakini iko mbali na baraza la nyumba yenu. Na kaka yako hahitaji kusomwa ubongo. Yeye ana kifundo kinachoinuka.

Upande mwingine, umeme si lazima uzikwe mwilini. Huko Toronto, Kanada, mtafiti Milos Popovic na wenzake walitumia elektrodi za kubandika juu ya ngozi ya kigasha, saa moja kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki nane, huku mgonjwa akijitahidi kwa akili yake yote kushika vitu halisi. Baada ya hapo elektrodi huondolewa, na mkono hubaki na sehemu ya alichojifunza. Mwaka 2024 ukachapishwa utafiti wa watu 60 waliochochewa umeme juu ya ngozi ya shingo, nyuma, pale ugwe ulipojeruhiwa, pamoja na mazoezi ya mikono; asilimia 72 walipata nafuu katika nguvu na pia katika kazi za mikono, wengine wakiwa wameumia miaka mingi nyuma. Desemba mwaka huo Marekani ikakiruhusu kifaa hicho, kiitwacho ARC-EX. Njia zote mbili zinamfaa zaidi mtu ambaye ugwe wake haukukatika mawasiliano kabisa, mwenye hisia au mwendo kidogo chini ya jeraha. Kwa hiyo tazama kwenye karatasi za kaka: baada ya C6 pana herufi A, B, C au D? A maana yake mawasiliano yamekatika kabisa, mpaka hisia za njia ya haja kubwa. Herufi hiyo ina uzito kuliko namba, na mara nyingi familia hazielezwi.

Sasa nije kwenye kile ninachotaka ukifanye wiki hii.

Mketishe kaka, mkono wake ulale juu ya meza, na kiganja kining'inie ukingoni. Mwambie akilegeze kifundo kidondoke. Utaona vidole vinafunguka vyenyewe. Mwambie sasa akiinue kifundo juu, polepole. Tazama vidole: vinakunjika kuelekea kiganjani, na gumba linasogea kwenye kidole cha shahada, ingawa misuli ya vidole haifanyi chochote. Ni kano zinazovutwa, kama kamba ya ndoo inavyojikaza ukiinua mtarimbo wa kisima. Weka kalamu kati ya gumba na ubavu wa kidole cha shahada kifundo kikiwa chini. Ainue. Kalamu inabaki? Huo ni mshiko. Ni dhaifu, lakini ni wake, hauhitaji betri, na hakuna kampuni itakayoacha kuuza.

Na hapa nina jambo la kukiri. Miaka yangu ya mwanzo, katika hospitali niliyoanzia kazi, tulimtibu kijana wa kivuvi aliyeumia kama kaka yako. Baba yake alikaa naye miezi sita. Tulimwonyesha mazoezi ya kunyoosha viungo, tukamwacha. Kila asubuhi na kila jioni mzee yule alivinyoosha vidole vya mwanawe hadi vikawa bapa kama ubao, huku amekiinua kifundo, kwa mapenzi yote, kwa sababu aliogopa vidole visije vikakunjamana. Kijana alipopata nguvu za kuinua kifundo, vidole havikufuata. Kano zilikuwa zimevutwa zikalegea. Mshiko aliopewa na Mungu tuliuondoa sisi, kwa kutomweleza baba kitu kimoja kidogo.

Kitu chenyewe ni hiki: usivinyooshe vidole na kuinua kifundo kwa wakati mmoja. Ukivinyoosha vidole, kifundo kiwe kimeinama. Ukikiinua kifundo, viache vidole vikunjike. Usimwache mtu aegemee kiganja kilichotandazwa anapojinyanyua kitandani, aegemee ngumi. Waambie mama, shangazi, na jirani anayekuja kumkanda kwa mafuta ya karafuu. Waambie wote.

Mshiko huo ukiwapo, yapo mambo mawili ambayo daktari wa upasuaji anaweza kuuongezea. La kwanza ni kuhamisha kano. Miaka ya 1970 Erik Moberg, daktari wa mkono huko Gothenburg, Sweden, alishikilia kwamba watu wa namna hii waachwe na angalau mshiko mmoja wa ufunguo, na akaonyesha namna ya kuutengeneza kwa kutumia kifundo kinachoinuka. Kaka yako ana msuli mmoja wa kigashani unaosaidia kukunja kiwiko. Kiwiko kina misuli mingine ya kukikunja, kwa hiyo huo unaweza kusamehewa. Kano yake huachishwa mwisho wake na kushonwa kwenye kano ya kukunja gumba. Baada ya wiki kadhaa za kuufunga mkono na miezi ya kujifunza upya, gumba linabana kwa nguvu yake, si kwa kuvutwa tu. Vilevile kipande cha msuli wa bega kinaweza kupelekwa nyuma ya mkono kunyoosha kiwiko, naye akaweza kufikia kitu kilicho rafuni au kujisukuma kitini. Kuchelewa hakuharibu upasuaji huu. Miezi kumi na minne si kitu, mradi viungo havijakakamaa.

La pili ni kuhamisha neva: tawi la neva iliyo juu ya jeraha, ambayo ubongo bado unaiamrisha, linaunganishwa na neva ya msuli uliopooza. Daktari wa upasuaji Natasha van Zyl na wenzake wa Melbourne, Australia, walichapisha mwaka 2019 kazi yao kwa vijana 16, neva 59, na baada ya miaka miwili walikuwa wakijilisha na kupiga mswaki. Neva huota kama milimita moja kwa siku, hivyo subira ni sehemu ya dawa. Ila hapa muda una neno. Kwa msuli ambao neva yake ya pili imekufa, baada ya mwaka hivi msuli wenyewe umeshakauka, na kaka yako amevuka hapo. Kwa msuli ulio hai bila bosi, mlango bado uko wazi.

Utajuaje upi ni upi? Kwa umeme ule ule nilioanza nao. Mtaalamu wa viungo anabandika elektrodi mbili juu ya ngozi ya kigasha, anapandisha umeme kidogo kidogo, na anatazama. Vidole vikifumba, neva ya pili ni hai. Visipofumba, tumejua. Kipimo cha dakika chache, na ndicho walichokianzia hata Cleveland kabla ya kumpasua mtu. Omba rufaa kwa daktari wa mifupa na mkono, kwa mfano kupitia Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), na uende na maswali matatu yameandikwa: herufi yake ni ipi, misuli gani ya kigasha inaitikia umeme, na je, kuna anayehamisha kano kwa waliopooza mikono au wageni wanaokuja kufanya kazi hiyo.

Tafadhali usinunue kile kijimashine cha umeme cha kukandia kinachouzwa madukani ukamjaribishie mwenyewe. Pale ngozi isipohisi, elektrodi inaunguza na yeye hajui. Na kwa mtu aliyeumia shingo, maumivu asiyoyahisi yanaweza kupandisha shinikizo la damu ghafla: kichwa kinapwita, uso unatoka jasho na kuwa mwekundu. Ukiona hivyo wakati wowote, mketishe wima, legeza nguo, angalia kama mpira wa mkojo umeziba au kibofu kimejaa, na kama haishuki mkimbizeni hospitali. Hiyo ni dharura.

Na kijiko? Kijiko hakina haja ya kungoja lolote kati ya haya. Mtafute fundi viatu. Akate mkanda wa ngozi laini au turubai wa kuzunguka kiganja, upana wa vidole viwili, ufungwe kwa kibandiko kile cha kwaruzo kama cha viatu vya watoto, na upande wa kiganjani ashone mfuko mwembamba wa kuingiza mpini. Humo kinaingia kijiko, mswaki, na kalamu ya kubonyezea simu. Mpini wa kijiko upindwe kidogo kuelekea mdomoni, na sahani iwe na ukingo mrefu, juu ya kitambaa kilicholowana ili isiteleze. Anzeni na wali wa nazi unaoshikana, si mchuzi. Chini ya mkanda, kagueni ngozi kila jioni, alama nyekundu isiyopotea ndani ya nusu saa maana yake mkanda umebana. Mafundi wa vifaa vya viungo waliosomea Moshi, KCMC, na wataalamu wa tiba kazi huweza kutengeneza kilicho bora zaidi, lakini cha fundi viatu kinaanza kesho.

Ukishafanya jaribio la kalamu niandikie, mkono wa kulia peke yake na wa kushoto peke yake: gumba linatua wapi kifundo kinapoinuka, ubavuni mwa kidole cha shahada, juu ya ncha yake, au linakikosa kabisa. Na uniambie kama analihisi gumba lenyewe akiwa amefumba macho.